Farasi Mzima, Karatasi za Nini?

Hapa Lexington, Kentucky, ninakofanya kazi ya udaktari wa mifugo, wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo si wachache. Mmoja wao anaendesha gari la kusafirisha farasi kutoka jimbo hadi jimbo, kazi inayohitaji karatasi za afya za kila mnyama, na siku ya kwanza aliniuliza swali ambalo wateja wangu wazawa huliuliza pia, ila wao kwa kunung'unika: "Docta, farasi anakula, anakimbia, macho yanang'aa. Karatasi za nini?"

Karatasi ni za huyo huyo anayekula na kukimbia. Anayeumwa waziwazi, dereva mwenye akili hampakii. Wanaotutia hofu ni wale wenye anemia ya kuambukiza ya farasi (ugonjwa wa kirusi unaopunguza damu), maana mnyama anaweza kukaa na ugonjwa huu miaka mingi bila dalili yoyote. Kirusi chake ni cha ukoo mmoja na VVU: kikishaingia mwilini hakitoki. Hubebwa na nzi wakubwa wanaouma, damu ikiwa bado mbichi mdomoni mwao. Hubebwa pia na sindano iliyochomwa farasi wawili. Miaka ya karibuni wengi waliogunduliwa Marekani ni farasi wa mbio fupi, wale wa aina ya Quarter Horse, na aliyewaambukiza hakuwa nzi, alikuwa mtu mwenye sindano mkononi. Hilo hunikera kuliko kirusi chenyewe.

Dawa hakuna, na chanjo hapa Marekani hakuna. Farasi akithibitika ana kirusi hicho, ama anauawa, ama anatengwa maisha yake yote, angalau yadi 200 (kama mita 180) mbali na farasi wengine. Sababu ya umbali huo ni tabia ya nzi: akifukuzwa kabla hajashiba, humalizia mlo wake kwa mnyama aliye jirani, hahangaiki kwenda mbali.

Karatasi ya kwanza ni ya majibu ya kipimo cha ugonjwa huu. Kipimo hicho kinaitwa Coggins, kwa jina la Leroy Coggins wa Chuo Kikuu cha Cornell, na kimekuwa kikitumika tangu miaka ya 1970. Kinatafuta kingamwili kwenye damu, na mwili huchukua muda kuzitengeneza, kwa hiyo farasi aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kutoka safi kabisa. Damu hupelekwa maabara iliyoidhinishwa, na majibu huchukua siku kadhaa. Tafadhali usinipigie Alhamisi jioni kwa safari ya Jumamosi alfajiri.

Karatasi ya pili ni cheti cha afya. Hukiandika daktari aliyeidhinishwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, na kwa kawaida hudumu siku 30. Napima joto (37.5 hadi 38.5 ni salama), nasikiliza moyo na mapafu, kisha naandika maumbile yake: baka jeupe la paji la uso, mguu upi una soksi (weupe wa sehemu ya chini), manyoya yanajiviringa wapi, namba ya chipu kama anayo. Mkaguzi lazima aone kuwa farasi aliye ndani ya trela ndiye aliye kwenye karatasi.

Sheria inayofuatwa ni ya jimbo unakokwenda, si ya unakotoka. Majimbo mengi hukubali Coggins ya miezi 12, mengine hutaka ya miezi 6. Magharibi kuna majimbo yanayodai pia ukaguzi wa chapa, ile alama ya mwenye mnyama, ili kuzuia wezi. Florida ina vituo vya ukaguzi kwenye barabara zinazovuka mito Suwannee na St. Marys, na kila mwenye trela la mifugo lazima asimame, awe na haraka au asiwe nayo. Kukizuka ugonjwa, masharti hubadilika ghafla, ndiyo maana mimi hupigia simu ofisi ya daktari mkuu wa mifugo wa jimbo husika hata kama niliipigia juzi. Mwaka 2011 farasi walikusanyika kwenye mashindano Ogden, Utah, wakarudi makwao majimbo kadhaa ya magharibi na herpes ya farasi, ile inayoweza kushambulia uti wa mgongo. Cheti cha siku 30 hakizuii kitu cha namna hiyo. Kupima joto asubuhi na jioni baada ya safari husaidia zaidi.

Mwezi uliopita yule dereva alinipigia tena. Mwenye farasi alikuwa ameongeza punda mdogo wa kumliwaza farasi njiani. "Sasa Docta, hata punda?"

Hata punda. Nikamwambia amlete tumtoe damu.