Sindano ya seli shina haifuti mazoezi

Tangu zianze kusambaa video za watu wanaoinuka kwenye viti vya magurudumu baada ya "kuchomwa seli shina", yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kitengo chetu cha walioumia uti wa mgongo kinapokea wagonjwa walioacha mazoezi. Wanasubiri sindano. Miezi inapita, viungo vinakakamaa, vidonda vya kulala vinaanza.

Nieleze tena. Seli hizo zikiingizwa kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, kinachotarajiwa zaidi ni zitulize uvimbe na kuzilinda neva zilizosalia. Njia mpya za neva huimarika kwa kutumiwa: kiganja kufunguliwa na kufumbwa, leo, kesho, mara mamia. Hakuna seli itakayokufanyia hilo.

Japani iliidhinisha kwa masharti tiba ya seli shina iitwayo Stemirac mwaka 2018, kwa utafiti wa wagonjwa 13 usio na kundi la kulinganishia. Wataalamu wengi walilalamika, na kwa haki: nafuu ililetwa na seli, mazoezi, au mwili wenyewe, ambao miezi ya mwanzo huweza kurudisha nguvu bila sindano yoyote?

Ndiyo maana, kwa anayeingia kwenye utafiti wa sindano hizi, kipimo huja kwanza. Mgonjwa huguswa kwa pamba na kuchomwa kidogo kwa pini sehemu 28 kila upande wa mwili, kila sehemu ikipewa alama 0 hadi 2. Kisha hupimwa misuli 10 kila upande, alama 0 hadi 5. Fomu husainiwa na kuwekwa tarehe. Kipimo hurudiwa baada ya tiba, kwa utaratibu uleule. "Najisikia mwepesi" si kipimo.

Baada ya hapo ndipo fomu ya ridhaa, yenye kibali cha kamati ya maadili. Isomeni, jamani, hasa ukurasa wa madhara. Mwanamke mmoja aliyepandikizwa seli za puani mjini Lisbon alikutwa, miaka 8 baadaye, na uvimbe mgongoni uliokuwa ukitoa ute kama kamasi.

Anayechomwa nje ya utafiti uliosajiliwa ajue pia kwamba majaribio mengi hayampokei tena, kwa kuwa matokeo yake hayatafsiriki. Mhudumu aliyemchoma bila kibali ana kesi yake ya leseni.

Aliyekwisha kuchomwa asifiche, hatumfukuzi mtu. Alete jina la bidhaa, kiasi, tarehe na mahali ilipoingizwa. Stakabadhi ya malipo peke yake haitusaidii. Wiki hii nimeletewa tatu.