Hazadi si ishara ya kunyoosha

Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu ya hapa Malindi: ukifika njia panda na hukati kushoto wala kulia, washa hazadi, yaani taa za dharura zinazometametesha indiketa za pande zote mbili kwa pamoja, ili wenzako wajue unanyoosha. Si kweli. Anayenyoosha hawashi ishara yoyote. Hazadi ni za gari lililoharibika au lililokwama mahali pa hatari.

Jaribu mwenyewe. Egesha gari, washa hazadi, kisha simama ubavuni. Utaona taa za upande mmoja tu zikimetameta, sawasawa na gari linalotaka kukata. Mwenye tuktuk anayetoka Watamu, akingoja kuingia barabara kuu pale Gede, ataamini unakata kuelekea kwake, naye ataingia. Tena kwenye magari mengi, hazadi zikiwaka indiketa haionekani.

Mkanganyiko unaeleweka: nia ni njema, na madereva wazoefu wengi hufanya hivyo. Lakini hazadi hazikupi haki ya kutangulia. Kwenye mzunguko bado unampisha aliyemo ndani, anayekujia kutoka kulia.

Ukitumiwa ujumbe huo tena, usiusambaze. Mwambie aliyeutuma, kwa upole, akasimame ubavuni mwa gari lake.