Likizo si uzungu

"Huo ni uzungu." Ndivyo anavyojibiwa Tabora au Kigoma mtu anayesema likizo hii anataka kutembea tu, bila msiba wala harusi ya kumpeleka. Kati ya dhana potofu kuhusu kusafiri, hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu inatunyang'anya historia yetu wenyewe. Karne ya 19, kabla ya reli, vijana wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi pwani, mwendo wa miezi. Walitoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Walilipwa nguo, shanga na nyaya za shaba, lakini malipo hayakuwa yote: kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Hamu ya kuliacha jembe na kwenda kuona kulikoje huko mbele ilikuwepo hapa kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa.

Dhana ya pili inapendeza zaidi, nayo inadanganya zaidi: kwamba ukisafiri utarudi mtu mpya. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 1,530. Waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri. Wakisharudi, wengi hawakutofautiana tena na waliobaki nyumbani. Waliobaki na nafuu ni wale tu waliopumzika kwelikweli, na hata hiyo haikudumu. Bosi mkali utamkuta palepale, na deni pia. Kwangu mimi hilo si sababu ya kukaa nyumbani. Ni sababu ya kupanga mapema, ukaifaidi safari hata kabla hujaondoka, na ya kuchukua safari fupi za mara kwa mara badala ya kungoja ile moja kubwa ya uzeeni.

Na fupi zipo. Wangapi wamezaliwa Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, na hawajawahi kumwona sokwemtu? Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, iko kaskazini tu ya mji, na boti hutokea Kibirizi. Kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi, chini mno ya kile cha mgeni. Aliye Tabora ana Kwihara karibu na mji, kwenye tembe alimokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872. Tena ana treni: reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kuvuka mto Malagarasi ukiwa dirishani ni safari tosha.

Wapo pia wanaodhani safari bila hatari haina ladha. Hapana. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Boti iliyojaa kupita kiasi iache iende. Ukipanda, vaa jaketi la kuokolea. Na ukiamka na mafua siku ya kwenda Gombe, ahirisha, hata kama umeshalipa. Maradhi yetu ya njia ya hewa huwaambukiza sokwe, na kikohozi kidogo kwako kinaweza kuwa kifo kwao.