Fikra Tunduizi na Uamuzi wa Mwanafunzi: Kutafuta Kinachoweza Kutukosoa

Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulirudia darasani kwa chaki na ubao tu. Aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu namba tatu, 2, 4 na 6, akawaeleza kuwa zimepangwa kwa kanuni fulani, na kwamba wangeweza kuigundua kwa kutunga namba tatu nyingine za kwao, naye angewajibu kila mara kama zinaifuata kanuni hiyo au la. Wengi walidhani kanuni ni namba shufwa zinazopanda kwa mbili mbili, wakajaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, na kila walipokubaliwa wakazidi kujiamini. Kanuni yenyewe ilikuwa kwamba kila namba iwe kubwa kuliko iliyoitangulia, basi. Hata 5, 17, 90 zingekubaliwa. Njia ya kuligundua hilo ilikuwa kujaribu mfululizo ambao mtu anatarajia ukataliwe, na hapo ndipo wengi walipokwama.

Tabia hiyo haiishii kwenye namba. Mwanafunzi aliyekwisha kuipenda fani fulani huwauliza marafiki walioichagua, husoma maelezo ya chuo kinachoifundisha (ambayo, kwa hakika, yameandikwa ili kumvutia), kisha huamini kuwa amefanya uchunguzi. Ukweli ni kwamba amekusanya majibu ya ndiyo. Swali ambalo lingemfaa zaidi ni hili: ni taarifa gani, nikiipata, itanifanya nibadili nia? Akishindwa kulijibu, ajue kuwa uamuzi wake ulikwisha kufanyika kabla ya uchunguzi kuanza. Akiweza kulijibu, aende akaitafute taarifa hiyo hasa, kwa mfano kwa kuzungumza na mtu aliyeiacha fani hiyo katikati, kwa kuwa waliohitimu ni rahisi kuwaona na walioiacha hawatangazwi popote.

Wapo wanaodhani kuwa fikra tunduizi, yaani kuyapima mawazo kwa ushahidi kabla ya kuyakubali, ni ubishi, au kipaji cha kuona makosa ya wenzao. Kwa maoni yangu, mtu anayewahoji wengine kwa ukali na kuyaacha mawazo yake mwenyewe bila kuyahoji bado hajaanza kazi.

Kuhusu namna ya kupima sababu za uamuzi, ipo njia ya zamani ambayo bado inafaa. Mwaka 1772 mwanasayansi wa Uingereza, Joseph Priestley, alimwomba rafiki yake Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, ushauri juu ya kazi aliyokuwa amepewa nafasi ya kuifanya. Franklin alijibu kwamba hangeweza kumshauri aamue nini, ila angeweza kumweleza namna ya kuamua: gawa karatasi kwa mstari, upande mmoja andika sababu za kukubali na upande wa pili za kukataa, ukiziongeza kwa siku tatu au nne kadiri zinavyokujia, halafu zikadirie uzito, na zile zinazolingana zifute pande zote mbili, hata sababu moja nzito ikibidi ifutwe pamoja na mbili nyepesi, mpaka uone upande unaolemea. Ubora wa njia hii umo katika zile siku tatu au nne, kwa maana sababu hazitujii zote kwa wakati mmoja. Udhaifu wake ni kwamba mizani imo mikononi mwa yule yule mwenye tamaa, na ndiyo maana napendekeza upande wa pili ujazwe kwa msaada wa mtu asiye na hamu sawa na yako.

Mtego mwingine huwanasa walio katikati ya safari. Watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha mwaka 1985 kuwa watu walionunua tiketi za msimu wa tamthilia kwa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu kuliko waliopunguziwa bei, ingawa fedha ilikuwa imekwisha kutoka kwa wote. Vivyo hivyo mwanafunzi husema hawezi kubadili masomo kwa sababu amekwisha kutumia miaka miwili. Miaka hiyo haitarudi, abaki au aondoke; la kujiuliza ni kama angeichagua njia hiyo iwapo angeanza leo akijua anayoyajua sasa. Nisieleweke vibaya: kuacha nako ni uamuzi unaodai ushahidi, na mtihani mmoja mgumu hautoshi.

Hatimaye, uamuzi mkubwa uandikwe kwenye daftari siku unapofanyika, pamoja na tarehe, sababu zake na matokeo yanayotarajiwa. Utafiti wa mwanasaikolojia Baruch Fischhoff wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa mtu akishajua mambo yalivyoishia, huamini kwamba tangu mwanzo yalikuwa yakitabirika; ndiyo ile kauli yetu ya "nilijua tu". Mistari mitatu au minne inatosha, mradi iandikwe kwa kalamu ya wino na kabla ya matokeo kutangazwa.