Nepia Inayodumaa: Ikague Ikishakatwa

Mfugaji wa Bungoma, Busia au Kakamega akiona nepia yake, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, imekuwa manjano, kwanza huongeza samadi. Si wazo baya, maana udongo uliochoka nao huleta manjano. Ila udongo uliochoka hudhoofisha eneo zima kwa pamoja, ilhali ugonjwa wa kudumaa huanza na shina moja hapa, jingine kule, na kati yake nepia imenawiri.

Ugonjwa huu ulianza kusumbua magharibi mwa Kenya miaka ya 1990. Chanzo chake ni fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kisicho na ukuta wa seli, kinachokaa kwenye mirija ya kusafirishia chakula cha mmea. Hubebwa na mdudu mdogo mrukaji afyonzaye utomvu, Maiestas banda, aliyetambuliwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoliponya shina likishaugua.

Mdudu huyo hafiki mbali. Ugonjwa ukivuka kata au kaunti, mara nyingi umebebwa kwa pikipiki, ndani ya mzigo wa vipande vya nepia ambavyo jirani mwema ametoa bure. Kipande cha shina gonjwa huweza kuota na kurefuka bila dosari yoyote ya kuonekana. Dalili hujitokeza hasa ikishakatwa na kuanza kuchipua upya: majani membamba ya manjano, machipukizi mengi mafupi yaliyosongamana, na baada ya muda shina lote hufa. Kwa hiyo kukagua nepia ndefu iliyosimama ni kujidanganya.

Wafugaji huuliza kama majani hayo yana sumu. La, ng'ombe haambukizwi. Hasara ni njaa. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 hivi huhitaji takriban kilo 60 za nepia mbichi kwa siku, na shamba lililodumaa haliwezi kuzitoa. Wanaopanda mahindi kwa mfumo wa sukuma-vuta, ambapo mmea wa kati ya mahindi hufukuza nondo na wa pembeni huwavuta, huumia mara mbili, kwani nepia ya pembeni ndiyo inayowavuta nondo wa viwavi wa mabua watoke kwenye mahindi.

Wengine huomba aina ya nepia iitwayo Kakamega 1 wakidhani ni kinga. Aina hiyo inasifika kwa kustahimili ugonjwa mwingine, ule wa kuvu unaoacha unga mweusi kwenye vichwa vya nepia. Dhidi ya kudumaa, afadhali Ouma 2 au ile iitwayo South Africa.

Shina gonjwa ling'olewe na mizizi yake yote. Likikatwa tu, litachipua na kuendelea kumlisha yule mdudu. Majani mpe ng'ombe, kisiki na mizizi choma. Ukitaka kuuza au kugawa mbegu, yaani vipande vya kupanda, tenga sehemu ndogo, ikate mara mbili, kila mara ukiangalia inavyochipua, kisha ndipo umkatie jirani.