Moreau, karani aliyehesabu ndege wa Amani

Anayefanya kazi ya ndege Afrika Mashariki hafiki mbali kabla ya kukutana na jina la Reginald Moreau. Mimi nilikutana nalo nikitafuta jambo dogo tu: hondohondo jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa siku ngapi? Jibu nililipata. Ni zaidi ya siku 100, na muda wote huo dume humlisha kupitia ufa mwembamba. Ila kilichonishika zaidi ni namna jibu lenyewe lilivyopatikana. Makala ya Moreau haikusifia msitu wala kusimulia ushujaa wa safari. Ilijaa saa za kukesha kwenye kiota, safari za dume na matunda aliyoleta. Nikajisemea, huyu hakuwa mwindaji, alikuwa karani.

Na ukarani ndio aliokuwa nao kweli. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, chuo kikuu hakusoma, akaingia ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Ugonjwa wa viungo ukamtesa, akahamishiwa Cairo, na huko ndiko ndege walikomteka, hasa wale wanaopita kati ya Ulaya na Afrika. Mwaka 1928 akafika Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Hakuitwa kwa ajili ya ndege. Aliitwa kushika maktaba na makaratasi, ndege akawafanyia kazi kwa muda wake.

Siku zile elimu ya ndege wa Afrika ilikuwa zaidi kazi ya bunduki: unampiga ndege, unamchuna, ngozi inakwenda makumbusho, anapewa jina la Kilatini. Moreau naye hakukaa kando. Mwaka 1938 alimtangaza kwa wanasayansi ndege mdogo wa misitu ya Uluguru, akamwita winifredae kwa heshima ya mkewe Winifred, aliyekuwa mshirika wake katika kazi yote hii. Yeye mwenyewe alikwishapewa jina: Artisornis moreaui, ndege mwenye mdomo mrefu wa misitu ya Amani, ambaye hadi leo ni adimu kupindukia. Lakini ngozi haisemi ndege hutaga mayai mangapi, wala makinda hulishwa mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo aliwaajiri wenyeji wakae chini ya viota, kwa zamu, kwa saa nyingi, na kila tukio likaandikwa.

Hapa nina dukuduku langu. Mmoja wa wasaidizi wake, Salimu Asmani, alikuwa hodari wa kutafuta ndege na kuwatambua, na bila watu wa namna yake yale majedwali yasingekuwepo. Ila juu ya makala utakuta jina la Moreau, au la Moreau na mkewe. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya ukoloni, najua, lakini kila ninapotumia takwimu zile huwa najiuliza ni macho ya nani yaliyoziona.

Mwaka 1934 kijana wa Kiingereza, David Lack, alikuja kukaa Amani akachunguza kweche. Huyu ndiye baadaye angekuwa jina kubwa kwa utafiti wake wa ndege wa visiwa vya Galápagos. Moreau alikuwa akilifuatilia swali ambalo wengi waliliona dogo: kwa nini ndege wa ikweta hutaga mayai mawili au matatu, na jamaa zao wa Ulaya manne, matano, hata zaidi? Makala yake ya mwaka 1944 katika jarida la Ibis ililiweka swali hilo mezani kwa hesabu. Lack akalichukua. Mwaka 1947 akaeleza kwamba mtago, yaani idadi ya mayai katika kiota kimoja, hulingana na makinda ambao wazazi wanaweza kuwalisha, na kwamba kule kaskazini mchana mrefu wa kiangazi huwapa wazazi saa nyingi zaidi za kutafuta wadudu. Wapo waliompinga wakisema tatizo la tropiki ni nyoka na wezi wengine wa viota. Mimi naona wote wameshika kipande cha ukweli, na hoja haijafungwa.

Moreau alirudi Uingereza, akafanya kazi Oxford na kuhariri Ibis tangu 1946 hadi 1960. Kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Afrika na visiwa vyake kilitoka 1966. Humo alidai kwamba enzi ya barafu iliteremsha misitu ya milimani hadi ikaungana, ndege wakavuka kutoka mlima hadi mlima. Vipimo vya vinasaba vimelitikisa dai hilo: baadhi ya ndege wa milima yetu wametengana na jamaa zao kwa mamilioni ya miaka. Hata hivyo, huwezi kuuelewa ubishi wa leo usipoanza na kitabu hicho.

Mimi nakipenda zaidi kile cha uhamaji, kilichochapishwa 1972, miaka miwili baada ya kifo chake. Alikadiria kwamba ndege wa nchi kavu wapatao bilioni 5 hushuka Afrika kila mwaka kutoka Ulaya na Asia. Makadirio ya karibuni, ya mwaka 2009, yamepunguza hadi takriban bilioni 2.1. Lakini ndani ya hesabu ya Moreau kulikuwa na kitu kisicholingana, na mkaguzi hakukifumbia macho. Ndege hawa hufika kusini mwa Sahara mvua zikiwa zinakwisha. Nchi inazidi kukauka mwezi hadi mwezi, na Machi, pakiwa pakavu kabisa, ndipo wanaponenepa kwa ajili ya kuvuka jangwa tena. Wananenepa kwa kula nini?

Sehemu ya jibu iko kwenye miti. Faidherbia, mti wa jamii ya mgunga, hukaa na majani yake kiangazi na kuyapukutisha masika, hivyo wakati wa ukame wadudu hawakosekani juu yake. Na mswaki, huuhuu tunaosugulia meno, huivisha matunda yake wakati huohuo wa ukame, ndege wadogo wakajaa mafuta.