Je, wajua kwanini duka la mtandaoni linaweza kufunguka kwenye simu hata bando likiwa limeisha?

Shangazi yangu anauza khanga na madera pale Ngamiani, Tanga mjini, na mwaka juzi kuna fundi alimtengenezea apu ya duka, nzuri tu, ina picha na kikapu cha kuagizia. Siku hiyo nipo nae dukani akaingia mama mmoja mtu mzima, mteja wake wa miaka, shangazi akamwambia "dada weka apu yangu, mzigo mpya ukifika utauona hukohuko nyumbani". Yule mama akajaribu, simu ikagoma, nafasi haitoshi. Akaanza kufuta picha moja moja, mpaka akafika kwenye picha za harusi ya bintiye, hapo akasimama. Akasema, "Hapana wifi, hizi sifuti. Ntakuwa nakuja mwenyewe tu."

Nikamwambia shangazi kuna njia nyingine, inaitwa PWA, kifupi cha Progressive Web App. Na watu wengi wanaitumia bila kujua, kwahiyo ngoja niielezee vizuri maana naona inatufaa sana sisi wenye simu ndogo na bando la kuhesabu.

PWA ni websaiti ya kawaida kabisa, unaifungua kwa linki kama websaiti nyingine, ila imetengenezwa kwa namna ambayo unaweza kuiweka kwenye skrini ya simu ikawa na alama yake, ikafunguka yenyewe bila ile bari ya anuani juu, na ikakumbuka vitu mtandao ukikata. Jina hilo walilianzisha 2015 Alex Russell, injinia wa Chrome pale Google, pamoja na mbunifu Frances Berriman. Wazo lenyewe la zamani kidogo, maana 2007 iPhone ilipotoka Steve Jobs aliwaambia mafundi watengeneze apu zao kama kurasa za kufungua kwenye Safari, brauza ya iPhone, ila Julai 2008 App Store ikafunguliwa na dunia nzima ikakimbilia huko.

Sasa inawezaje kufunguka bila mtandao? Hapa ndo patamu.

Ukifungua websaiti ya kawaida, vitu vingi vinaombwa kutoka mbali, picha, maandishi, rangi. Mtandao ukikata ukurasa haufunguki. Kwenye PWA kuna kijiprogramu kidogo kinaitwa sevisi woka, kinakaa katikati ya ukurasa na mtandao. Mfikirie kama kijana wa dukani kwa shangazi. Mteja akiomba khanga, kijana anaangalia stoo kwanza, ikiwepo anatoa palepale, isipokuwepo ndo anatoka mbio kwenda kwa wa jumla, na akirudi nayo anaweka nyingine stoo kwa ajili ya kesho. Hiyo stoo ipo ndani ya simu yako wewe, na ndo maana ukurasa unafunguka upesi hata ukiwa na mtandao, kwasababu vingi havijasafiri popote.

Ila mara ya kwanza kabisa unapofungua, kijana bado hajaajiriwa. Lazima uwe na mtandao ili aingie kazini na ajaze stoo. Watu wanakosea hapo, wanafungua linki wakiwa hawana bando halafu wanasema kitu kibovu.

Na fundi ndo anaamua kijana atunze nini, na hili ni jambo zito, nimelionja mwenyewe. Fundi wetu wa kwanza wa PWA ya shangazi aliweka kila kitu kitoke stoo, mpaka bei. Shangazi akapandisha bei ya khanga, mteja akaja dukani na bei ya wiki mbili nyuma kwenye simu yake, na hela kamili ya bei ile mkononi. Shangazi akamuuzia vilevile kwa bei ya zamani, angefanyaje. Baada ya hapo tukabadilisha, umbo la ukurasa na picha vinatoka stoo, bei inaulizwa mtandaoni kwanza, na kama mtandao hamna inaandika wazi kwamba bei hii ni ya tarehe fulani. Kwahiyo ukimpa mtu kazi ya PWA muulize swali hilo mapema, nini kinatoka stoo na nini kinaulizwa upya.

Kuna na kitu kingine cha pili, faili dogo la manifesti, hilo ni kama kibao cha duka, lina jina, alama na rangi, simu inalisoma ndo inajua iweke nini kwenye skrini. Halafu websaiti lazima iwe na ulinzi wa HTTPS, yaani anuani yake ianze na https, bila hiyo sevisi woka haifanyi kazi kabisa.

Tuje kwenye ukubwa, maana ndo ulioanzisha haya yote. Twitter walipotoa Twitter Lite 2017, hii ilikuwa PWA, walisema apu yao ya Android ilikuwa MB 23 na ushee wakati hii inahitaji chini ya MB 1. Konga, lile duka la mtandaoni la Nigeria, waliripoti kwamba mteja anapofungua PWA yao mara ya kwanza anatumia data pungufu kwa 92% ukilinganisha na kupakua apu. Pinterest nao walipoijenga upya websaiti yao ya simu kuwa PWA waliona watu wanakaa muda mrefu zaidi kwa 40%. Hizo ni kampuni kubwa, sisemi duka la Ngamiani litapata namba zilezile, ila sababu ni ileile, mtu akiondolewa kizuizi mlangoni anaingia.

Kwa mfanyabiashara faida ninayoiona kubwa ni kwamba unatengeneza kitu kimoja tu. Apu za kawaida mara nyingi unalipia ya Android na ya iPhone, halafu kuweka Play Store unalipa dola 25 mara moja, App Store dola 99 kila mwaka, na kila ukibadilisha kitu unasubiri kikaguliwe. PWA ukibadilisha leo, mteja akifungua akiwa na mtandao anapata mpya, haambiwi apdeti. Na linki unaituma WhatsApp au unaiweka kwenye stetasi, mtu anabonyeza yupo ndani ya duka.

Kwa mtumiaji mimi naipenda pia kwa usalama. PWA inakaa ndani ya brauza, haiwezi kuzoa namba zote za simu yako au kusoma meseji zako. Tunazijua zile apu za mikopo ambazo ukichelewa kulipa mpaka mjomba wako anatumiwa ujumbe kwamba unadaiwa, ile aibu imewavunjia watu heshima kwenye familia zao. Lakini linki ya tapeli ni ya tapeli tu, bado angalia anuani vizuri kabla hujaweka namba ya siri popote.

Mapungufu yapo. Malipo yanahitaji mtandao, hilo halikwepeki. iPhone ilichelewa sana, sevisi woka imekubalika 2018 na taarifa za kujitokeza (notifikesheni) zimeanza 2023 kwenye iOS 16.4, tena mpaka mtu awe ameiweka kwenye skrini kwanza. Gemu nzito au kitu kinachotumia sana vifaa vya ndani ya simu, hapo tengeneza apu ya kawaida.

Kuiweka ni rahisi. Kwenye Chrome ya Android fungua duka, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, chagua kuweka kwenye skrini ya kwanza. Kwenye iPhone fungua na Safari, bonyeza alama ya kushea, utaona palepale sehemu ya kuiweka kwenye skrini ya kwanza.

Yule mama tulimwekea siku aliyorudi dukani, haikuchukua hata dakika na hatukufuta picha yoyote. Wiki iliyofuata alikuwa safarini Pangani kwa gari, mtandao ukawa unakuja na kukata, yeye anaangalia khanga tu na kuchagua. Agizo lake likakaa kwenye simu likisubiri, alipofika sehemu yenye mtandao likaenda lenyewe. Doti mbili, moja yake na moja ya bintiye.